Kiti Kinachotazama Nyuma

Kiti kilikataa kuingia. Frankline Obonyo alikisukuma kwa bega, akakisukuma kwa goti, akakikumbatia na kukivuta kama mtu anayemnasua ndama matopeni, na bado kilikwama kwenye mlango wa nyuma wa Passo, gari lake dogo, nusu ndani, nusu nje. Jasho lilimtiririka hadi machoni. Hakupenda kutazamwa akishindwa, na asubuhi hiyo pale Kaloleni, Kisumu, alikuwa akitazamwa na watu wawili na nusu: mkewe Winny aliyesimama kizingitini, mtoto wao Oketch aliyelala begani mwa mamake, na Shitanda, jirani wa ukuta mmoja, dereva wa tuktuk, aliyeegemea nguzo ya stima akinywa chai kwa kikombe cha bati.

"Bwana Obonyo," Shitanda alisema, "nyinyi watu wa ziwa mnapenda ukubwa mno. Kiti cha bunge ndani ya kiberiti!"

"Wewe ungekipata ungempakia kuku umpeleke Kakamega."

"Ningempakia, tena kwa heshima. Lakini kuku wangu angetazama mbele ajue anakoenda. Huyu wenu mnampeleka kwa nyanyake akiwa amegeuzwa kama mtu aliyekosewa?"

Winny hakucheka. "Anatazama nyuma kwa sababu shingo yake bado laini, Shitanda. Gari likigonga kitu, kishindo kinapokewa na mgongo wa kiti, si na shingo ya mtoto. Kliniki walitueleza. Weka hicho kikombe chini umsaidie mwenzako."

Shitanda akaweka kikombe. Alikivuta kiti cha abiria cha mbele mpaka kikakaribia kubusu dashibodi, hata paka asingepata pa kukunja miguu pale. Ndipo kiti cha mtoto kikaingia, kwa shingo upande, kikakaa nyuma yake na mgongo wake umeelekea mbele. Wakapitisha mkanda wa gari kwenye matundu yake, wakauzungusha nyuma ya mgongo ule mnene, na mkanda ukagoma karibu na kufuli, ukipungua kwa upana wa kiganja.

"Gari dogo, mkanda mfupi," Shitanda alisema, safari hii bila mzaha. Akapanda ndani, akaweka goti katikati ya kiti, akakandamiza kwa uzito wake wote hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Vuta! Vuta sasa, mwanaume!"

Frankline akavuta. Kufuli likalia, tik.

Akakishika kiti kwa mikono miwili na kukitikisa. Gari zima likayumba juu ya magurudumu yake, lakini kiti hakikusogea. Frankline akasimama wima, akafuta uso kwa shati, akamtazama mkewe kama mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake.

Shitanda alikuwa ameketi kwenye usukani akijaribu kioo cha ndani. "Sasa hiki kioo chako kimekufa. Nikitazama naona kiti tu. Na nikigeuza shingo upande huu naona kiti vilevile. Ukirudi nyuma, bwana, mtu ashuke akuelekeze."

"Naenda Asembo," Frankline alisema. "Siendi nyuma."

Shitanda akacheka, akachukua kikombe chake. Winny hakucheka tena.

Mkanda ule haukuwa mchezo kwa Frankline. Kaka yake mkubwa, ambaye mtoto huyu alipewa jina lake, alikufa kwenye barabara ya Bondo, kabla ya kufika Holo, ndani ya gari dogo la rafiki yake. Oketch huyo wa kwanza alikuwa kiti cha mbele, amempakata bintiye mchanga, amemfunika kwa koti lake kwa sababu kulikuwa na baridi. Lori lilisimama ghafla mbele yao. Mikono ya Oketch ilikuwa mikono ya kuvuta nyavu, mikono iliyoweza kusimamisha ng'ombe dume, lakini haikuweza kumshika mtoto mwenye uzito wa gunia dogo la dagaa omena. Wakazikwa pamoja, sanduku kubwa na sanduku dogo.

Siku ya mazishi Frankline alipanda pikapu iliyobeba masanduku. Alikaa mbele, ubavuni mwa dereva, macho kwenye barabara, kwa sababu hakutaka kugeuka. Hata walipofika nyumbani na pikapu ikawa inaingizwa langoni, hakugeuka. Alisikia tu kilio cha mama yake kikipaa juu ya vilio vyote, kikakatika kama kamba.

Kwa hivyo, Winny alipojifungua, naye mama yake Frankline akapiga simu kusema amemwota Oketch amesimama mlangoni akiwa amelowa, anaomba aingizwe ndani, hakuna aliyebisha. Mtoto akaitwa Oketch. Na Frankline akaapa, kimoyomoyo lakini kwa hasira ya mtu aliyemshtaki Mungu, kwamba huyu Oketch hatapakatwa na mtu barabarani. Huyu atafungwa, na atafika.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumpeleka kwa nyanyake, Mama Dorca, kwa mara ya kwanza.

Simu ya Frankline ililia wakipanga mizigo: unga, sukari, mafuta, blanketi zito la mama, mkungu wa ndizi. Buti la Passo lilijaa upesi, vitu vingine vikapandishwa hadi kwenye kioo cha nyuma.

"Wuoda," Mama Dorca alisema, maana yake mwanangu. "Mmeshatoka?"

"Tunatoka sasa hivi, Mama. Nimemfungia kiti chake. Kimeshika kama mwamba."

"Kiti gani?"

Akamweleza. Aliposema mtoto anakaa akitazama nyuma, Mama Dorca akamkatiza.

"Amegeuzwa?"

"Ndiyo salama, Mama. Ndivyo watoto wanavyobebwa siku hizi."

"Njiani mbebeni mnavyotaka. Lakini kwangu asiingie kinyumenyume." Sauti yake ilikuwa ya chini, kavu. "Wewe ulikuwepo. Unajua cha mwisho kuingia hapa kinyumenyume kilikuwa nini. Langoni mtoto anitazame, Frankline. Nyakwara, mjukuu wangu, aingie uso mbele, aione nyumba. Ukimwingiza vingine, usiseme sikukuambia."

Akakata.

"Anataka nini?" Winny aliuliza.

"Anataka mtoto aingie akitazama nyumba."

"Nitamshusha langoni nimbebe."

"Mtoto wa kwanza wa mwanawe haingii kwa miguu ya mama kama mgeni aliyeshushwa na bodaboda. Anaingia na gari la baba yake. Mama amewaita watu wa kanisa."

"Basi akiingia na gari, hageuzwi," Winny alisema. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, binti Naswa, na alipokuwa na hakika hakupandisha sauti. "Hata kwa hatua ishirini. Mkiufungua huo mkanda hamtaweza kuufunga tena bila goti la Shitanda."

Frankline akafunga buti. Alijua ana akili ya kutosha kuwaridhisha wanawake wote wawili. Ingemjia njiani.

Walipotoka mjini, ziwa lilikuwa limelala upande wa kushoto, rangi ya bati kuukuu, bila wimbi. Juu yake wingu moja lilikuwa likija kutoka upande wa Asembo, jeusi chini, kimo chake kikubwa, nalo halikuonekana kusogea hadi ulipoacha kulitazama. Walipinda pale Kisian wakashika barabara ya Bondo. Winny alikaa nyuma ya dereva, mkono wake juu ya kifua cha mtoto. Frankline hakuweza kuuona uso wa mwanawe. Kila alipotupa jicho kiooni aliona kitu kimoja tu, ule mgongo mweusi, mrefu, uliosimama kama mtu aliyekaa nyuma yake na kukataa kusema.

"Amelala?"

"Yuko macho. Anatazama dirisha la nyuma."

"Anatazama nini, na mizigo imeziba?"

"Sijui. Kuna upenyo mdogo, kati ya blanketi na ndizi. Anatazama hapo tu."

Kabla ya Holo barabara inateremka na kupinda, na pale kwenye pindo kuna ukingo wa chuma uliopinda pia, ambao hakuna aliyeunyosha. Frankline alipunguza mwendo. Mtoto akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha nepi. Kilikuwa kilio kipya, chembamba, kisichopumua.

"Basi, Oketch. Basi, baba," Winny alibembeleza.

Jina hilo, likitamkwa mahali pale alipokufa kaka yake, Frankline hakulistahimili. Akakanyaga mafuta.

Mtoto hakunyamaza. Alilia hadi Ndori, akalia walipoacha lami na kushika njia ya vumbi inayoshuka ziwani, akalia matone ya kwanza yalipoanza kupiga paa la gari, makubwa, ya mbalimbali. Winny alitaka amnyonyeshe. Frankline alisema wamefika, ni hapo tu, avumilie kidogo. Ukweli ni kwamba hakutaka kusimama. Alitaka kufika, lile wingu lisimkute njiani.

Na pale ndipo akili ilipomjia.

Lango la Mama Dorca lilikuwa pengo kwenye ua wa minyaa, lenye upana wa gari moja, na kutoka langoni hadi nyumba kulikuwa na mteremko mfupi wa nyasi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Watu walikuwa wamejibanza barazani wakikwepa mvua, na kitambaa cheupe cha kichwani cha mama yake kilionekana katikati yao. Frankline akalipita lango, akasimama, akaangua kicheko.

"Nini?" Winny alisema.

"Min Oketch, mama mtoto wangu, sikiliza. Mama anataka mtoto aingie akitazama nyumba. Wewe unataka asifunguliwe. Mtoto anatazama nyuma ya gari, sivyo? Basi gari ndilo ligeuke!" Akapiga usukani kwa kiganja. "Naingia kwa rivasi. Kiti hakiguswi. Oketch anaingia kwao macho kwenye mlango wa nyanyake. Niambie ni nani mwingine angewaza hivyo!"

Winny alifikiri. Hakupata kosa la wazi, na hilo lilimsumbua zaidi kuliko kosa lenyewe. "Na wewe utaona nini?"

"Vioo vya pembeni viko viwili."

"Shitanda alisema mtu ashuke. Wacha nishuke nikuelekeze."

"Kwa mvua hii? Umwache mtoto analia hivyo? Kaa. Nimezaliwa hapa, Winny. Hii njia nimeipita usiku, nimeipita nimelewa, nimeipita na mzigo wa kuni kichwani. Nitaipita na mwanangu."

Akaweka gia ya nyuma.

Gari likaanza kurudi, likinguruma kwa sauti ile nyembamba ya rivasi. Kioo cha kulia kilimwonyesha minyaa ikipita taratibu, kijani, karibu kugusa. Cha kushoto vilevile. Alikuwa katikati kabisa. Mvua ikashika paa kwa nguvu. Mtoto akalia kwa nguvu zaidi, na kati ya mvua na mtoto Frankline alisikia, au alidhani amesikia, sauti za watu kwa mbali. Vigelegele, akajiambia. Wanampokea. Kifua chake kikajaa. Akaachia breki kidogo zaidi, kwa kuwa mteremko ulikuwa ukimwita.

Kisha mtoto akanyamaza.

Alinyamaza mara moja, kama mtu aliyewekewa kiganja mdomoni. Winny aliinama kumtazama. Oketch mdogo alikuwa amefungua macho yote, makubwa, meusi, yameganda kwenye ule upenyo kati ya blanketi na ndizi. Midomo yake ikafunguka. Akatabasamu.

Winny akageuka kutazama anachokitazama.

"SIMAMA!"

Frankline alikanyaga breki kwa mguu mzima. Magurudumu yakateleza kwenye nyasi zilizolowa, gari likaendelea kushuka kwa uzito wake, na kitu kikagonga nyuma. Hakikuwa kishindo. Ulikuwa mgoto mzito, wa chini, kama gunia lililoangushwa sakafuni. Gari likasimama.

Hakukuwa na kigelegele chochote. Barazani watu walikuwa wakipiga mayowe.

Mama Dorca alikuwa amelala nyuma ya gari, ubavu, mguu mmoja umeingia chini ya bampa ukiwa umekaa vile ambavyo mguu haukai. Kitambaa cheupe kilikuwa kimemtoka. Mikono yake miwili ilikuwa bado imenyooshwa mbele, viganja wazi, kama mtu anayesukuma mlango usifunguke.

"Mama! Mama, kwa nini ulikuja nyuma ya gari? Mama!"

Alifumbua macho. Mvua ilimpiga usoni asiikwepe. "Rivasi," alisema. "Nyinyi watu mnaniletea nini tena kwa rivasi?"

Ndipo Frankline alipoelewa, na kuelewa kulimjia kote kwa pamoja. Siku ile ya pikapu yeye alikaa mbele. Aliona barabara ikirudi nyuma, basi. Mama yake ndiye aliyesimama barazani. Yeye ndiye aliyeona nyuma ya gari ikimjia, taa nyekundu, rivasi ikinguruma, na mlango wa nyuma ukiwa tayari kufunguliwa kwake. Hakuogopa uso wa mtoto umeelekea wapi. Aliogopa gari linaloingia kwa matako. Na leo mwanawe mwerevu alifika salama hadi langoni, akasimama makusudi, akageuza.

Mama yake alikuwa amekimbia kulizuia. Alikuwa amelishika kwa mikono.

"Hajafa mtu, Mama," Frankline alisema, akilia. "Oketch yuko hapo ndani. Mzima. Amefungwa."

"Mtoeni nimwone."

Winny akamfungua mtoto, akamshusha, akapiga magoti naye kwenye matope. Mama Dorca aliinua kidole kimoja akamgusa utosini. Kisha maumivu yakamkuta, akauma meno, na uso wake ukawa rangi ya majivu.

Hakukuwa na gari jingine, na zahanati ya karibu isingeuweza mguu ule. Ilikuwa lazima Kisumu. Kiti cha mbele kilikuwa kimebanwa kwenye dashibodi, na mama asingeweza kukaa. Alihitaji kulala, kiti kizima cha nyuma. Frankline akatia mkono chini ya ule mgongo mweusi akatafuta kufuli. Kiti kilichowashinda wanaume wawili asubuhi kilifunguka kwa kidole. Tik. Akakitoa, akakitupa kwenye nyasi, na mizigo yote ikashushwa.

"Nitabaki naye hapa," Winny alisema kabla hajaulizwa. "Hapandi bila hicho kiti."

"Hapandi," Frankline alikubali, na sauti yake haikuwa na kiburi hata cha kujaza kijiko.

Watu wa kanisa walimbeba Mama Dorca kwa blanketi lake jipya, wakamlaza nyuma, kichwa upande wa dereva. Mikanda ya gari ilikuwa ya watu waliokaa. Frankline alijaribu kuupitisha mmoja kiunoni mwake, ukafika nusu ukagoma. Akajaribu tena. Akauvuta hadi ngozi ya kiganja ikachubuka.

"Acha," mama yake alisema. "Mkanda ni mfupi, wuoda. Nimekuona. Acha."

Frankline alitoka langoni gari likitazama mbele. Kioo cha ndani, kilichokuwa kimekufa tangu Kaloleni, sasa kilikuwa wazi, naye aliona kila kitu. Aliona nyumba, na alama mbili za magurudumu zilizochana nyasi, na kile kiti kimelala kifudifudi kikijaa maji. Aliona Winny amesimama chini ya baraza akiwatazama wakienda, na mtoto begani mwake. Mtoto alikuwa amewapa mgongo. Uso wake ulielekea mlango wa nyumba.

"Alikuwa akitazama wapi?" Mama Dorca aliuliza kutoka nyuma. Sauti ilikuwa imepungua. "Wakati wa kuingia. Uso wake ulikuwa wapi?"

"Alikuwa akikutazama wewe, Mama. Winny amesema alicheka."

Gari lilipanda lami pale Ndori, na mvua, iliyokuwa ikiwafuata kutoka ziwani, ikawapita ikatangulia upande wa Holo.

"Basi amenijua," Mama Dorca alisema. "Endesha polepole, Frankline. Mimi sijafungwa."